Modeli za Ndege za Kivita za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapofungua boksi lake la kwanza, pamoja na mengine yanayowasumbua hata walioshika kazi hii miaka mingi. Yameanzia mambo ya mwanzo na kuishia kwenye yale magumu. Jibu linapogusa swali jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Kabla ya kuanza

1. Modeli ya seti ni nini hasa?

Ni ndege ndogo ya plastiki inayokuja vipande-vipande, vikiwa vimeshikana kwenye fremu, pamoja na karatasi ya maelekezo na dekali, yaani stika za maji zenye alama na namba za ndege. Kazi yako ni kukata, kuunganisha, kupaka rangi na kubandika. Haikuundwa iruke. Uzuri wake uko katika kufanana na ndege halisi, na ndiyo sababu majibu mengi hapa chini yanaishia kwenye picha ya ndege yenyewe.

Plastiki inayotumika leo ni polistirini. Seti za plastiki za mwanzo kabisa zilitolewa Uingereza mwaka 1936 na Frog chini ya jina Penguin, na hizo zilikuwa za selulosi asetati, plastiki inayojikunja kadiri inavyozeeka.

2. Namba kama 1/72 na 1/48 zina maana gani?

Ni skeli. 1/72 maana yake ndege halisi ni kubwa mara 72 kuliko modeli yako. Namba hizi zinaonekana za ajabu kwa sababu zilitokana na vipimo vya Kiingereza: katika 1/72 inchi moja inasimama badala ya futi 6, na katika 1/48 inasimama badala ya futi 4.

Chukua Spitfire, ndege ya mapambano ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Katika 1/72 utapata modeli ya sentimita 15.6, katika 1/48 sentimita 23.4, na katika 1/32 sentimita 35. Sasa chukua B-17, ndege ya mabomu ya Marekani, yenye mabawa ya mita 31.6. Katika 1/72 tayari ni sentimita 44, katika 1/48 ni 66, na katika 1/32 inakaribia mita nzima. Pima rafu yako kabla ya kununua.

Ushauri wangu: 1/72 kwa anayependa kukusanya aina nyingi au ndege kubwa za mabomu, 1/48 kwa anayependa chumba cha rubani kionekane. Mkono wa mwanzo hutulia zaidi kwenye 1/48, maana vipande vinashikika.

3. Nianze na ndege gani?

Anza na ndege ya injini moja, bawa moja, yenye gurudumu dogo mkiani: Spitfire au Hurricane za Uingereza, Bf 109 ya Ujerumani, Mustang ya Marekani au Zero ya Japani. Zina vipande vichache, picha zake zimejaa kila mahali, na hazihitaji uzito puani (tazama swali la 8). Chagua seti yenye kalibu mpya kuliko iliyotengenezwa miaka ya 1960, hata kama ya zamani ni ya bei nafuu. Seti ya zamani ni darasa zuri, ila la baadaye.

Usianze na ndege ya mabawa mawili yenye nyaya. Wengi wameiachia njiani na hawakurudi tena.

4. Nahitaji vifaa gani?

Praisi ndogo ya kukatia yenye uso bapa, kisu chenye wembe wa kubadilishwa, kibano, msasa wa namba 400, 600, 1000 na 2000, gundi ya maji ya plastiki, supaglu kidogo, puti, tepu ya karatasi ya kuzuia rangi, na brashi tatu nzuri. Brashi moja nzuri inashinda kumi za ovyo. Mengine yote utayanunua kazi itakapoyadai.

Usisahau hewa. Gundi, thina na rangi ya kupulizia vina moshi unaoumiza, kwa hiyo dirisha liwe wazi na barakoa ya kuchuja kemikali iwe usoni unapopulizia. Ile ya kitambaa haizuii chochote hapo.

5. Boksi limefunguliwa. Hatua ya kwanza ni ipi?

Osha fremu zote kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ziache zikauke. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki ibanduke, na mafuta hayo yakibaki rangi haishiki.

Kisha hesabu vipande, soma maelekezo hadi mwisho, na utafute picha ya ndege *moja* utakayoijenga. Sisemi picha za Spitfire kwa jumla, nasema Spitfire yenye herufi zile zile zilizo kwenye dekali zako. Ndege mbili za kikosi kimoja zinaweza kutofautiana kwenye kioo, ekzosi (mabomba ya moshi), magurudumu na hata umbo la propela. Ukiwa na picha hiyo mezani, nusu ya maswali yanayofuata yatajijibu yenyewe.

## Kuunganisha

6. Nitumie gundi gani?

Kwa plastiki na plastiki tumia gundi ya maji ya modeli. Haibandiki tu, inayeyusha nyuso mbili hadi ziwe kitu kimoja. Shikilia vipande vikiwa vimekutana, gusa mshono kwa ncha ya brashi, na gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Hakuna haja ya kuipaka kabla.

Kwa chuma, shaba na rezini (plastiki ngumu ya kumiminwa) gundi hiyo haifanyi kazi. Hapo tumia supaglu au epoksi. Kwa vioo, rukia swali la 9 kabla hujafungua chupa yoyote.

7. Mshono kati ya nusu mbili za kiwiliwili hauishi kuonekana. Nifanyeje?

Weka gundi ya kutosha, bana nusu mbili hadi uone uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ukitoka kwenye mshono, kisha acha siku nzima. Uzi ule ukikauka ni puti ya bure. Kwangua kwa mgongo wa kisu, piga msasa wa 400, kisha 600, kisha 1000, ukitumia maji. Penye shimo jaza puti au supaglu. Supaglu ipige msasa ndani ya saa moja, maana ikikaa inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utakula plastiki badala yake.

Ukimaliza pulizia praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu. Jicho hudanganyika kwenye plastiki tupu, lakini praima huonyesha kila kosa. Rudia hadi mshono upotee.

Lakini si kila mshono ni kosa. Kiwiliwili cha nyuma cha Bf 109 kilijengwa kweli kwa nusu mbili, kushoto na kulia, zikakutanishwa juu mgongoni na chini tumboni. Mstari ule upo kwenye ndege halisi. Niliwahi kutumia jioni mbili kuufuta kwenye Bf 109 yangu hadi mgongo ukawa laini kama yai, kisha nikaona picha iliyopigwa kutoka juu na mstari uko pale pale. Nikalazimika kuuchonga upya. Tangu hapo sigusi puti kabla ya kutazama picha.

8. Modeli yangu inakalia mkia badala ya gurudumu la mbele. Kwa nini?

Ndege yenye gurudumu puani, kama P-38, P-39, B-24, B-25 au Me 262, ilikuwa na injini, silaha na mafuta ya kuisawazisha. Modeli yako ina plastiki tupu, na mkia wake ni mrefu. Lazima uongeze uzito mbele ya magurudumu makuu, na kadiri uzito unavyokaa karibu na pua ndivyo unavyohitajika kidogo.

Usikisie. Bana kiwiliwili na mabawa kwa tepu bila gundi, kiegemeze kwenye penseli mahali magurudumu makuu yatakapokaa, na ongeza uzito hadi pua ishuke. Kisha ongeza kidogo zaidi, kwa sababu rangi, puti na vipande vya mkia bado havijaingia. P-38 ni ngumu kuliko nyingine kwa kuwa pua yake ni fupi, kwa hiyo jaza pia sehemu za mbele za injini zote mbili.

Kama unatumia punje za madini ya risasi, zishike kwa epoksi, kamwe si kwa gundi nyeupe ya mbao. Asidi iliyomo kwenye gundi hiyo huila risasi polepole. Unga mweupe unaozaliwa huvimba, na baada ya miaka huweza kupasua modeli kutoka ndani.

9. Kioo cha rubani kimefanya ukungu mweupe. Kinapona?

Ni mvuke wa supaglu. Hutua kwenye kioo na kuacha utando kama pumzi ya asubuhi ya baridi, ila huu haufutiki. Hata supaglu iliyotumika *ndani* ya chumba cha rubani jana yake inaweza kufanya hivyo ukikifunga mapema. Mimi niliharibu hivyo kioo cha Mustang niliyoihangaikia wiki sita, na kidonda chake nakikumbuka hadi leo.

Ukungu ukiwa nje, kisugue kwa msasa wa 2000 na zaidi, kisha kwa dawa ya kung'arisha, na mwisho kichovye kwenye vanishi ya akriliki ya kung'aa na ukikaushe chini ya bakuli ili vumbi lisikiguse. Ukungu ukiwa ndani na kioo kimeshafungwa, kibandue.

Safari ijayo tumia gundi nyeupe kwa vioo. Hukauka wazi, haitoi mvuke unaodhuru, na ikimwagika hufutika kwa maji.

## Rangi na alama

10. Brashi au kipulizia?

Vyote viwili vinatoa kazi nzuri. Kwa brashi, punguza rangi, tumia brashi pana bapa, na paka tabaka tatu au nne nyepesi, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Tabaka la kwanza litakuwa baya. Liache hivyo hivyo, usirudi kulisugua.

Kipulizia chenye sindano ya milimita 0.3 kinatosha karibu kazi zote. Punguza rangi hadi iwe nyepesi kama maziwa, presha iwe kati ya bari 1 na 1.5, na ujaribu kwenye kipande cha plastiki kwanza. Rangi ikikauka kabla ya kufika na kuacha vumbi-vumbi, uko mbali mno au hukuipunguza vya kutosha. Ikitengeneza miguu ya buibui, imekuwa nyepesi mno au uko karibu mno.

11. Ndani ya chumba cha rubani kulikuwa na rangi gani?

Inategemea nchi na mwaka. Ndege za Uingereza zilipakwa kijani chenye kijivu ndani yake, na viti vingi vya Spitfire vilitengenezwa kwa plastiki ngumu yenye rangi ya kahawia-nyekundu, kwa hiyo usivipake kijani bila kuangalia. Ujerumani ilitumia kijivu-kijani cha RLM 02 (namba ya rangi ya wizara ya anga ya Ujerumani) mwanzoni mwa vita, na tangu mwaka 1941 hivi vyumba vya ndege za mapambano vikawa vya kijivu kizito cha RLM 66. Wamarekani walikinga chuma kwa zinki kromati, ambayo kwa asili ina unjano, na kwa vyumba vya marubani rangi hiyo ikatiwa weusi ikawa kijani kilichokolea. Sakafu ya Mustang P-51D ilikuwa ya mbao za plai zilizopakwa nyeusi. Baadhi ya ndege za Japani zilipakwa ndani laka inayopitisha mwanga, ya buluu-kijani, iitwayo aotake. Hiyo utaipata kwa kupaka fedha kwanza, kisha rangi angavu ya buluu-kijani juu yake.

12. Nina picha nyeusi na nyeupe tu. Nitajuaje rangi?

Usiamini giza na mwanga wa picha kabla ya kujua aina ya filamu. Filamu za ortokromatiki hazikuona nyekundu, na ziliiona njano kwa shida. Tazama duara la alama ya Uingereza ubavuni mwa ndege: kwenye filamu hiyo duara jekundu la katikati huwa karibu jeusi, buluu hupauka, na pete ya njano ya nje huwa nzito hadi mtu akadhani haipo. Kwenye filamu ya pankromatiki, inayoona rangi zote, pete hiyo hung'aa, na buluu na nyekundu hukaribiana. Kwa hiyo anza na kitu unachokijua rangi yake, kama alama hiyo, kisha pima vingine kwa kuvilinganisha nacho.

Tarehe nayo husaidia sana. Spitfire ya kiangazi cha 1940 ilikuwa ya kahawia na kijani juu. Kuanzia Agosti 1941 kahawia ikaondolewa na kijivu cha bahari kikachukua nafasi yake. Ukijua mwezi wa picha, umeshafuta nusu ya ubishi.

13. Dekali zangu zina weupe unaong'aa chini yake. Tatizo ni nini?

Ni hewa iliyonaswa. Rangi isiyong'aa ina mikwaruzo midogo isiyoonekana, na dekali huilalia juu bila kuijaza. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, acha ikauke kabisa, ndipo uweke dekali kwa maji safi na dawa ya kulainisha kama Micro Set na Micro Sol. Dekali ikikunjamana baada ya Micro Sol, usiiguse. Itajinyoosha yenyewe ikikauka, na ukiigusa itachanika.

Kama weupe umeshatokea, toboa sehemu hiyo kwa ncha ya sindano mara nyingi, ongeza dawa, rudia. Mwisho funika kwa vanishi isiyong'aa. Kwa dekali za zamani tazama swali la 20.

14. Mistari myeusi na myeupe ya ndege za Washirika waliotua Normandy, Ufaransa, niipime vipi?

Kwa ndege za injini moja kila mstari ulikuwa wa inchi 18, yaani milimita 6.3 katika 1/72 na 9.5 katika 1/48. Kwa za injini mbili ulikuwa wa inchi 24. Mpangilio ni nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Paka nyeupe eneo lote, funika mistari mitatu kwa tepu, kisha paka nyeusi. Ndege za mabomu za injini nne hazikupakwa.

Mistari hii ilipakwa kwa haraka siku chache kabla ya tarehe 6 Juni 1944, na mara nyingi waliopaka walikuwa mafundi wenye brashi za kupakia nyumba. Kwenye picha utaona kingo zinazoyumba na alama za brashi. Ukiichora iliyonyooka kama rula kwenye ndege ya tarehe 6 Juni, umeipa unadhifu ambao haikuwa nao. Mwezi uliofuata mistari ya juu ilianza kuondolewa, kwa hiyo tarehe ya picha yako inahesabika hapa pia.

## Kuboresha

15. Nikitaka kuboresha seti ya kawaida, nianzie wapi?

Anzia panapoonekana mtu akiishika ndege mkononi. Kwa mpangilio wangu: kingo za nyuma za mabawa, midomo ya bunduki na ekzosi, mikanda ya kiti, kioo, na waya wa antena.

Kingo za nyuma ndizo zinazoifichua modeli kuwa ni plastiki. Katika 1/72 ukingo wa nusu milimita ni sawa na bati la sentimita 3.6 kwenye ndege halisi. Punguza kwa msasa *kutoka ndani* ya nusu za bawa kabla ya kuziunganisha, ili mistari ya viungo vya mabati iliyo juu ya bawa isifutike. Midomo ya bunduki badilisha kwa bomba jembamba la shaba au sindano ya hospitali iliyokatwa. Ekzosi toboa kwa ncha ya kisu kisha kwa keekee ndogo. Mikanda hutengenezwa kwa vipande vya tepu ya karatasi vilivyopakwa rangi ya mchanga.

Kuna boresho moja ninalolipenda kuliko yote, nalo halihitaji kununua kitu. Hurricane na Spitfire zenye bunduki nane zilizibwa midomo ya bunduki kwa viraka vya kitambaa chekundu, ili baridi ya juu isigandishe silaha. Ndege ikirudi na viraka vizima, haikupiga risasi. Ikirudi na viraka vimechanika na masizi meusi yamenyooka nyuma chini ya bawa, rubani alikutana na adui. Vipande vinane vidogo vya dekali nyekundu, vizima au vilivyochanwa, vinasimulia asubuhi nzima ya yule rubani.

16. Seti yangu ya zamani ina mistari ya mabati iliyoinuka na ribiti (misumari ya kushikia mabati) kama vipele. Nichonge upya?

Ikiwa unaipenda ndege hiyo na hakuna seti mpya, ndiyo. Weka tepu ngumu ya plastiki kandokando ya mstari ulioinuka, pitisha sindano iliyoshikwa kwenye mpini mara tatu nne kwa mkono mwepesi sana, kisha uufute ule ulioinuka kwa msasa. Mpito wa kwanza ni wa kuelekeza tu. Ukikandamiza, sindano itatoroka.

Ribiti ni suala jingine. Watu wengi huongeza ribiti kila mahali wakidhani wanaboresha. Mfano ulio wazi ni bawa la Mustang: kiwandani North American walijaza viungo na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa kwa puti, wakapiga msasa na kupaka rangi ya fedha, ili hewa ipite bila kusumbuliwa. Bawa la Mustang liliondoka kiwandani likiwa laini. Mtu anayelichonga ribiti mia nne anaharibu hasa kile kilichoifanya ndege ile iwe ya pekee. Na kwa sababu hiyo hiyo, kwenye Mustang isiyo na rangi ya kamafleji, kiwiliwili ni alumini tupu lakini mabawa ni rangi ya fedha. Vipe mng'ao tofauti.

Kwa upande mwingine, nusu ya nyuma ya Hurricane ilikuwa kitambaa juu ya mbao na bomba. Hapo hapana mistari ya mabati hata kidogo.

17. Vipande vya ziada vya rezini na shaba vina faida?

Vya rezini ndiyo, hasa viti, magurudumu na ekzosi. Kata na upige msasa ukiwa na maji, maana vumbi la rezini halifai kuingia mapafuni. Vya shaba vinafaa kwa vitu vilivyo bapa kwa asili: mikanda, dashibodi, vichujio vya hewa. Shaba bapa haifai kwa kitu cha duara kama nondo ya usukani. Waya utaishinda kwa uzuri na bei.

Chumba cha rubani cha 1/72 kikifungwa kioo huonekana kiti, mikanda na sehemu ya juu ya dashibodi. Kabla ya kununua seti nzima ya shaba, funga kioo kikavu na uchungulie.

18. Uchakavu nifanye kiasi gani?

Kiasi kilichopo kwenye picha. Kwa mistari ya mabati, tumia rangi ya mafuta iliyopunguzwa sana kwa thina, juu ya vanishi ya akriliki ya kung'aa. Ifute kwa kufuata mwelekeo wa hewa. Usitumie nyeusi tupu. Kahawia-kijivu hutosha.

Masizi ya ekzosi si meusi siku zote. Mafuta ya wakati ule yalikuwa na madini ya risasi, na safari ndefu kwa mchanganyiko mwembamba iliacha alama za kijivu kilichopauka hadi rangi ya mchanga, zenye ukingo wa kahawia. Unga wa chaki za rangi, uliopakwa kwa brashi kavu, huzitoa vizuri.

Rangi kubanduka kulitofautiana. Ndege nyingi za Japani zilipakwa juu ya chuma bila msingi mzuri na zikabanduka vipande vikubwa. Spitfire iliyotunzwa ilichakaa zaidi pale tu fundi alipokanyaga, karibu na kiwiliwili, na kwenye vifuniko vilivyofunguliwa kila siku. Kwa hizo, penseli ya fedha iliyochongwa vizuri inatosha.

## Maswali magumu

19. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ziwe chini au juu ndege ikiwa imeegeshwa?

Inategemea mfumo. Mustang ikizimwa, presha ya majimaji ilipungua polepole, hivyo flapu zikashuka na milango ya ndani ya magurudumu ikaning'inia. Kuijenga imeegeshwa na kila kitu kimefungwa kunawezekana, ila ni wakati mfupi baada ya injini kuzimwa.

Spitfire ni kinyume. Flapu zake ziliendeshwa kwa hewa, zilikuwa na mikao miwili tu, na rubani alizipandisha mara baada ya kutua. Ukitaka kabisa kuzionyesha chini, kumbuka kuwa juu ya kila bawa kulikuwa na kijilango kidogo kilichoinuka flapu zikishuka, ili rubani aone. Seti nyingi huchora mstari wake tu. Ukishusha flapu, inua na kijilango. Vibao vya kupandisha pua mkiani navyo mara nyingi huning'inia ndege ikiwa imeegeshwa, kwa kuwa usukani huangukia mbele pasipo mtu wa kuushika.

20. Dekali za seti ya zamani zimekuwa njano, au zinapasuka majini.

Kwa unjano, zitie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uzibandike dirishani penye jua kwa siku kadhaa au wiki. Jua hula unjano. Kwa kupasuka, jaribu kwanza ile usiyoihitaji. Ikivunjika, pulizia karatasi nzima tabaka jembamba la vanishi, acha ikauke, kisha kata kila alama kwa ukaribu, maana sasa utando umeunganisha zote.

21. Kwa nini dekali za ndege za Kijerumani hazina alama ya mkiani?

Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa sababu kama za elimu, sanaa na utafiti. Kampuni nyingi huiondoa au kuigawa vipande viwili ili seti moja iuzwe kila mahali. Kuiweka au kuiacha ni uamuzi wako na wa sheria ya nchi uliyopo. Kwenye ndege halisi ilikuwepo.

22. Nyaya za ndege za mabawa mawili nizifungeje?

Maliza rangi na dekali zote kabla ya bawa la juu. Toboa matundu ya milimita 0.3 kwenye kila mwisho wa waya. Kwa 1/72 tumia plastiki ya fremu iliyovutwa juu ya moto wa mshumaa, au uzi mwembamba unaovutika. Kwa 1/48 mshipi wa kuvulia unafaa. Ukilegea, sogeza karibu nao ncha ya udi unaofuka, nao utajikaza. Usiuguse, utakatika.

Nyaya za Kiingereza, kama za S.E.5a na Camel, zilikuwa bapa zenye umbo la kukata hewa. Za Kijerumani zilikuwa kamba za duara zenye skrubu za kukazia. Wa kujifunzia ni Fokker Dr.I, ambayo ina mabawa matatu lakini nyaya chache sana.

23. Ndege iliyo kwenye makumbusho si ndiyo ushahidi bora?

Kwa umbo na vipimo, ndiyo, na hakuna kitu kinachofundisha kama kusimama chini ya bawa halisi. Kwa rangi na vifaa, kuwa mwangalifu. Nyingi zilipakwa upya miongo baada ya vita, na zile zinazoruka bado zina redio za kisasa, matairi mapya na midomo ya bunduki isiyo na bunduki. Picha ya wakati ule, hata yenye ukungu, ina nguvu zaidi. Zikipingana, mimi hufuata picha.

24. Nimeharibu rangi kabisa. Nianze upya?

Inawezekana. Rangi nyingi za akriliki hutoka kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, bila kuumiza polistirini. Jaribu kwanza chini ya bawa. Usitumie thina ya laka, huyeyusha plastiki yenyewe. Toa vioo kabla, osha kwa sabuni, kisha rudi kwenye praima kama ilivyoelezwa katika swali la 7.